Mlinzi katuuliza, "Hizi kompyuta zenu hazilali?" Tulivyobadilisha tabia ofisini baada ya mabango kushindwa

#1 GhorofaYaPili (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafanya kazi kwenye ofisi moja hapa Dar. Jina nalihifadhi, ugali wangu bado unatoka pale. Tuko watu hamsini na kitu, kompyuta za mezani 46, laptopu za wakubwa, printa nne na chumba cha seva chenye baridi ya Makete.

Mwaka juzi jioni moja nilirudi ofisini saa mbili usiku kufuata chaja niliyoisahau. Mlinzi wetu, mzee mmoja mtu wa Rufiji, akanisindikiza juu akimulika na simu yake ya kitochi. Tulipofungua mlango tochi haikuwa na kazi. Chumba kizima mwanga wa buluu: skrini hii samaki wanaogelea, ile mapovu yanapanda, nyingine nembo ya ofisi inagonga ukingo na kurudi, inagonga na kurudi. Mzee akasimama akatazama, kisha akasema, "Mwanangu, hizi kompyuta zenu hazilali? Mimi nalipwa kukesha. Zenyewe zinalipwa na nani?"

Nilicheka, lakini swali likanikaa. Nikamwomba anihesabie kwa wiki nzima. Aliandika kwenye daftari lake la zamu, chini ya namba za magari yanayoingia na kutoka: Jumatatu 33, Jumanne 30, Jumatano 31. Wastani ukawa 31 kati ya 46, na Jumamosi na Jumapili hali ile ile.

Kwa wasiojua, wale samaki wa screensaver hawaokoi chochote. Waliwekwa enzi za skrini za kioo kinene, zile zenye kisogo kama televisheni ya mkoloni, ambazo picha ikikaa sana sehemu moja inaacha kovu. Skrini nyingi za leo hazina ugonjwa huo. Samaki wakiogelea usiku kucha mashine inafanya kazi ya kuwachora.

Nikaazima kipimo cha umeme kile kinachochomekwa kwenye soketi. Mashine zetu, skrini ikiwa imezimika na mtu hayupo, zilikuwa zinakula wati 45 hivi. Wiki ina saa 168, sisi tupo kazini saa 45. Zinabaki saa 123 za kulisha mashine isiyo na mtu. Piga mwenyewe: karibu units 5.5 kwa mashine moja kwa wiki, mara 31, ni units 170. Kwa bei ya LUKU ya shilingi 356 na ushee kwa unit, ni elfu 60 kila wiki, zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Na hapo samaki sijawahesabu.

Nikapeleka hesabu kwa bosi, akatoa memo. Baada ya memo yakaja mabango: ZIMA KOMPYUTA, TUNZA MAZINGIRA, na picha ya dunia imeota majani. Yalichapishwa kwa rangi, upande mmoja wa karatasi, nakala 60. Nilitamani kulia.

Mzee alihesabu tena baada ya wiki mbili: 27. Baada ya mwezi: 32. Yaani tulirudi nyuma ya tulipoanzia, na mabango yapo ukutani yanatuangalia.

Hapo ndipo nilipoacha kuhubiri nikaanza kuuliza. Nilipita meza kwa meza na swali moja tu: kwa nini huzimi? Bila kumlaumu mtu.

Mama wa hesabu akaniambia, "Mdogo wangu, kaa hapa uone." Akaizima, akaiwasha. Tukapiga stori za watoto, tukapiga stori za daladala za Mbagala, akaenda kuchemsha chai akarudi. Dakika 11. Anaingia saa mbili kasoro kumi, saa mbili juu ya alama bosi anataka taarifa ya benki. Ungekuwa wewe ungezima?

Kijana wa manunuzi alisema watu wa IT waliwahi kuagiza mashine ziachwe wazi usiku zipokee masasisho. Agizo lilitoka miaka minne nyuma, aliyelitoa alishahama kazi, lakini halikuwahi kufutwa. Mwingine ana mafaili 14 yamefunguliwa na akifunga hajui kesho aanzie wapi. Dada mmoja kitufe chake kiko chini ya meza nyuma ya UPS, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, lazima apige magoti, na sketi haimruhusu. Mmoja tu ndiye aliyenijibu, "Kwani bili nalipa mimi?" Nilimshukuru kwa ukweli wake.

Wakuu, sikumkuta mvivu hata mmoja. Kila mtu alikuwa na sababu yenye akili, na memo haikugusa hata moja. Tatizo la mama wa hesabu lilikuwa diski, ile ya zamani inayozunguka. Tukaomba tujaribu mashine 12: tukaweka SSD, diski isiyo na kinachozunguka, tukaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka GB 4 hadi 8. Kila mashine ilikula chini ya laki na nusu pamoja na fundi. Ya mama ikawa inawaka chini ya dakika moja. Hakuna aliyemwambia kitu. Siku ya tatu nilimwona anaizima mwenyewe, anachukua mkoba, anaondoka.

Daftari la mzee: 19. Tukamaliza zilizobaki. IT wakafuta agizo lao kwa maandishi na kuweka mashine zilale zenyewe baada ya dakika 20, mafaili yakibaki wazi kama yalivyoachwa. Kitufe cha yule dada tukakitatua kwa kuhamisha UPS, kazi ya dakika tano. Daftari: 6. Siku hizi ni 3 au 4, mojawapo ikiwa ya kamera za ulinzi.

Nimeleta hapa tubadilishane. Kwenu mnafanyaje?

#2 kahawa_chungu

Nimekaa paleee na kashata zangu.

#3 Mkosoaji

Mtoa mada umeandika vizuri ila hii habari ya mazingira kwenye kompyuta ni mambo ya wenzetu. Sisi tuna Bwawa la Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, maji ya Rufiji kwa mzee wako huyo huyo. Umeme safi na unatosha. Wanaochafua ni hao wenye mabohari ya seva za akili mnemba huko ng'ambo. Mtu wa Tandika akizima kamonita kake dunia inapoa? Okoa hela sawa, lakini msitupambe na mazingira.

#4 GhorofaYaPili

Mkosoaji, nusu nakupa. Mbele ya wenzangu sikuwahi kutaja barafu za ncha ya dunia, nilitaja LUKU, na ndiyo maana walinisikiliza.

Nusu nyingine nakunyima. Kwanza gridi si maji matupu, gesi ya Kinyerezi na Ubungo bado imo. Pili, umesahau mgao wa 2023? Kabla mtambo wa kwanza wa bwawa haujawashwa Februari 2024, sisi tuliishi kwa jenereta. Lita moja ya dizeli inakupa kama units tatu tu. Kompyuta zisizo na watu zilikuwa zinakunywa dizeli ile, na moshi unaingia dirishani kwa mama ntilie jirani yetu, si Ulaya.

Tatu, na hili sikulijua mwanzoni: umeme si ndio mzigo mkubwa. Watengenezaji wenyewe kwenye ripoti zao wanaonyesha kwamba kwa laptopu nyingi sehemu kubwa ya uchafuzi wake hutokea kabla hujaifungua boksi, kwenye migodi na viwanda vya chipu. Ukiitumia miaka minane badala ya minne umeokoa kuliko kuizima kila usiku. Kwa hiyo hata kwa umeme wa bwawa hoja inabaki. Zile SSD zilikuja kuokoa umeme, na faida nyingine kubwa ni kwamba mashine 46 hazikutupwa. Bajeti ya kununua mpya ilishaanza kunong'onwa.

#5 DaktariWaSeva

Mkuu #4 umegonga mulemule. Mimi niko Dodoma, TEHAMA, taasisi siitaji.

Windows 10 iliachwa na wenyewe Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, masasisho ya bure ya ulinzi yakakoma. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani kichipu cha usalama, na prosesa za kuanzia kizazi cha nane kwa Intel, yaani mashine za 2017 au 2018 kuja juu. Nusu ya mashine zetu zikawa "chakavu" siku moja, wakati jana yake zilikuwa zinaandika barua bila shida. Mzabuni alikuja na bei ya mashine mpya kabla hata hatujakaa kikao. Harufu wanaisikia mbali hawa.

Tulichofanya, tulizigawa kwa kazi ya mtu, cheo tukakiweka pembeni. Zilizokubali Windows 11 zikapandishwa. Za masjala na mapokezi, ambao maisha yao yote yako ndani ya kivinjari, tukaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Wachache wenye programu isiyokubali kuhama tukawalipia mwaka mmoja wa ulinzi wa nyongeza. Kwa taasisi ni dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, kisha bei inajirudufu kila mwaka, kwa hiyo usiifanye makazi.

Linux ilileta kelele wiki ya kwanza. Dada wa mapokezi aliniambia nimemwekea kompyuta ya adhabu. Kumbe kilichomuudhi ni kwamba picha ya wanawe kwenye skrini imepotea. Nikairudisha, amani ikarudi. Sasa nikipita ananiuliza lini nitamwekea na ya nyumbani.

La pili ni huo ubaridi wa Makete. Chumba cha seva kuwekwa nyuzi 16 ni imani tu. Kiwango kinachopendekezwa na ASHRAE, chama cha wahandisi wa vipoozi, ni nyuzi 18 hadi 27 kwa hewa inayoingia kwenye mashine. Sisi tulipandisha taratibu, nyuzi moja kila wiki, tukafika 24, huku tukiangalia vipimajoto vya seva zenyewe. Hakuna kilichokufa. Ila usiamke asubuhi ukapandisha kwa mkupuo, na hakikisha kwanza hewa ya moto ya mgongoni haizunguki kurudi mbele.

Huko TEHAMA nyuzi 16 zilikuwa heshima. Mgeni akiingia akatetemeka, anajua amefika mahali pa wataalamu. Koti la mtangulizi wangu bado limetundikwa mlangoni.

#6 BintiMuhtasi

Naomba nizungumzie karatasi maana mnasahau kila mara nani anachapisha. Ni sisi makatibu muhtasi, na tunatukanwa kwa kosa lisilo letu.

Barua pepe inamfikia bosi. Bosi ananipigia, "Binti, nitolee." Natoa. Anasoma, anaandika kwa peni pembeni: "Tuzungumze." Nachukua ile karatasi, naiskani, naituma kwa mhusika. Mhusika anaichapisha aende nayo kwenye mazungumzo. Barua moja imezaliwa kwenye kompyuta, imekufa na kufufuka mara mbili, na imezikwa kwenye faili kabatini. Rimu moja ni karatasi 500, kilo mbili na nusu. Naibeba kutoka stoo, naijua uzito wake.

Mtu akisema "tuache karatasi" mabosi wanasikia "tuondoe sahihi yako". Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015 na sahihi ya kielektroniki inatambulika, lakini wino wa buluu na mhuri vina utamu wake. Mzee wangu aliniambia waziwazi kwamba kwenye skrini haoni vizuri. Ana miaka 58, miwani yake ya kusomea imewekwa kwa umbali wa karatasi, si wa skrini. Hakuna semina ya mazingira iliyowahi kumuuliza habari ya macho yake!

Tukamwekea skrini kubwa ya pili iliyotolewa kwa mtu aliyehama, maandishi tukayakuza, nikamfundisha kuandika "Tuzungumze" juu ya hati yenyewe. Nikaiweka printa itoe pande mbili bila kuulizwa, na isikubali kuchapisha mpaka mtu aje abonyeze namba yake pale pale. Hilo la namba ndilo lililofanya maajabu. Zile karatasi za yatima zinazobaki kwenye trei mpaka jioni zilikwisha, hata mialiko ya kitchen party na risala za harusi zilipungua ghafla. Ninyi mnajua mnachokifanya.

Mwezi wa kwanza nilifungua rimu 9. Zamani zilikuwa 14, wakati mwingine 15.

#7 StimaNairobi

Salamu kutoka Nairobi. Mkosoaji, hoja yako hata huku tunaisikia, tena sisi takriban asilimia 90 ya stima yetu ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Watu wanasema stima ni safi, wacha mashine iwake.

Mimi nataka kuwauliza kitu kingine. Hizo UPS chini ya kila meza, betri zikifa mnazipeleka wapi? Ndani kuna risasi, ile madini. Betri moja ndogo ya volti 12 ni kama kilo mbili, na kwa joto letu ikimaliza miaka mitatu umebahatika. Ofisi ya mashine 46 ni betri 46 kila baada ya miaka hiyo. Kwetu mlinzi ndiye alikuwa anauzia watu wa skrepa getini, na kila mtu alikuwa sawa na hilo, tulisema mzee apate ya chai.

Halafu mwenzetu mmoja, nyumbani kwao Mombasa, akatuuliza kama tunajua Owino Uhuru. Ni mtaa kule Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri kuukuu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mtoto wake akaugua, akapimwa akapatikana na sumu ya risasi. Ndiye aliyepigania mtaa ule mpaka akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea kupanda juu kwa rufaa.

Huyo jamaa hakuhubiri. Alisimulia tu, akaketi. Hakuna aliyeuza betri getini tena. Sasa tunazikusanya kwa kreti moja stoo, zikijaa tunapeleka zote kwa mara moja kwa WEEE Centre, wanaorejeleza taka za kielektroniki hapa Nairobi. Mlinzi tulimtafutia posho nyingine, maana ukimkata mtu chai yake bila kumrudishia, kesho betri zitapita dirishani.

#8 fundi_waya

Mimi niko upande wa pili wa meza, fundi Kariakoo. Mnachoita takataka ndiyo shamba langu, kwa hiyo naongea kwa masilahi, mniwie radhi.

Mwezi uliopita kampuni moja imeniletea laptopu tisa "zimekufa". Nimefungua ya kwanza, feni imejaa vumbi gumu kama sufu ya mto. Nimesafisha, nimepaka dawa mpya ya kupoza kwenye prosesa, imeamka. Kati ya tisa, saba zimeamka. Mbili tu ndizo zilikuwa marehemu kweli, na hizo zimewapa wenzao skrini na kibodi. Vumbi la Dar na chumvi ya bahari vinaua mashine kuliko umri. Ofisi ingekuwa inapuliza vumbi mara mbili kwa mwaka, mimi ningekosa hela, ila ndiyo hivyo.

Mkinunua, ulizeni swali moja kabla ya rangi na wembamba: RAM na diski vinatoka? Siku hizi laptopu nyingi nyembamba RAM imegandishwa kwenye bodi. Ikishindwa miaka mitatu mbele hakuna fundi wa kuongeza, unanunua nyingine.

Na diski zenu, jamani, zifuteni. Nimeshanunua shehena ya mashine za mnada nikakuta orodha ya mishahara ya watu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, matokeo ya vipimo. Nilifuta kwa sababu nina watoto. Si kila fundi ana watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na ofisi nyingi zinaiogopa hivi kwamba zinafungia mashine stoo miaka kumi zioze kuliko kuzitoa. Futa kwa programu ya kufutia, au toa diski uitoboe na drili, mashine iende ikafanye kazi shuleni.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya taka za kielektroniki inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na zilizorekodiwa kuwa zimekusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Stoo zenu zinasubiri tu kuingia kwenye hesabu hiyo.

#9 Mhasibu Mstaafu

Vijana mnazungumza vizuri, ila hamjagusa mfupa.

Nimekaa kwenye hesabu za umma miaka 31. Mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30 Juni. Ikifika Mei, fedha isiyotumika inaonekana aibu, na mwakani utapunguziwa. Kwa hiyo Mei na Juni kila mtu ananunua. Kununua kuna kasma yake nono, matengenezo yana kasma yake iliyokonda. Hata ukiwa na nia njema, fundi wa elfu themanini hana pa kulipwa lakini mashine ya milioni moja na nusu ina fungu. Sisemi kuna wizi. Nasema njia imechimbwa kuelekea huko na maji yanafuata mfereji.

Na kuna cheo. Mkurugenzi mpya hawezi kukaa na laptopu ya mtangulizi wake, kama asivyokaa na gari lake. Nimeona mashine ya miezi 14 imepelekwa kwa dereva kwa sababu mwenye kiti amebadilika.

Kilichowahi kufanya kazi zamani zangu ni kitu kidogo: kwenye fomu ya kuomba kompyuta mpya tuliongeza mstari mmoja. "Ya zamani ina tatizo gani, na fundi amesema nini?" Basi. Theluthi ya fomu hazikurudi.

#10 GhorofaYaPili

Mzee wangu #9, shikamoo. Huo mstari nauiba kesho asubuhi.

Kwenye cheo sisi tulipata bahati. Mkurugenzi wetu alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya laptopu mpya. Nilimwomba atuachie yake siku moja, fundi akabadilisha betri na kuweka SSD. Aliporudishiwa aliigeuza, akakuta stika tuliyobandika chini: tarehe ya kununuliwa 2019, tarehe ya matengenezo. Akaiacha ile stika. Kwenye vikao vya nje anaigeuza kuwaonyesha wenzake, "Hii yangu ina miaka sita." Baada ya hapo meneja gani angeomba mpya?

#11 mtu_wa_ghala

Mtoa mada unatuletea ushindi tu. Hakuna kilichowachachia?

#12 GhorofaYaPili

Kipo. Nilikificha, lakini umeuliza.

Tulipofika kwenye 6 nikalewa sifa. Nikaanzisha mashindano ya ghorofa: kila Ijumaa namba za daftari la mzee zinabandikwa kwenye ubao, ghorofa ya mwisho inanunua soda. Wiki ya kwanza vicheko. Wiki ya tatu watu wakaanza kupita kwenye meza za wenzao jioni kuzima. Sio kubonyeza kwa ustaarabu, kuzima, kidole kwenye kitufe mpaka ife.

Siku moja kijana wa ghorofa yangu, tena kwa kunipendeza mimi, akazima mashine ya mama wa hesabu. Mama alikuwa ameenda kuswali Magharibi arudi amalizie usuluhishi wa mishahara wa mwezi. Saa tatu za kazi, hajahifadhi. Yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima kwa hiari ofisi nzima! Alirudi akatazama skrini nyeusi, hakupiga kelele. Alikaa, akavua viatu, akaanza upya. Alitoka saa nne usiku na mzee ndiye aliyemtafutia bajaji.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi na maandazi. Alipokea maandazi. Radhi aliniambia itakuja yenyewe. Iliwachukua watu miezi miwili kuacha kuniita "TANESCO".

Mashindano nikayafuta siku hiyo hiyo. Siku hizi ubao una namba moja tu ya ofisi nzima, units za mwezi, na hakuna jina la mtu wala ghorofa. Na mashine kulala tumeiachia mashine yenyewe, mkono wa mtu hauhitajiki kwenye meza ya mwenzie.

#13 Mkosoaji

Hiyo #12 imenifanya nisome uzi upya. Nakiri fomu ya mzee #9 na vumbi la fundi nimevibeba. Ila bado nasema msitupambe.

#14 kahawa_chungu

Kashata zimeisha. Mtoa mada, yule mzee mlinzi anasemaje sasa?

#15 GhorofaYaPili

Analalamika! Kumbe miaka yote zamu ya saa nane usiku alikuwa anapanda kukagua kwa mwanga wa zile skrini, samaki wale ndio walikuwa taa yake ya korido. Sasa kukipita saa moja jioni ni giza totoro, na kwenye ngazi za ghorofa ya pili alishajikwaa kwenye ndoo ya usafi. Nimeandika ombi la tochi ya kuchaji. Limerudi jana na swali limeandikwa pembeni kwa peni ya buluu: "Ya zamani ina tatizo gani?"